Mizani ya Korosho na Mizani ya Mtoto

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nkowe)



Siku ya kupima korosho mkulima wa Nkowe hasinzii. Husimama karibu na mizani, akautazama mshale, akataka kuona kwamba umerudi kwenye sifuri kabla gunia lake halijawekwa juu. Karani akikosea hata nusu kilo, ubishi wake husikika hadi barabarani. Akipewa stakabadhi huisoma, na kama hajui kusoma humwita kijana aisome kwa sauti. Kisha huikunja na kuitia mahali ambapo mvua na panya havifiki. Hakuna wa kumlaumu. Huo ni ulinzi wa jasho lake, na bila macho ya wanachama wa namna hiyo ushirika usingesimama hata msimu mmoja.

Katika nyumba ile ile, mara nyingi ndani ya mfuko ule ule, imo karatasi nyingine. Hiyo ni kadi ya kliniki ya mtoto. Nayo ina tarehe, ina uzito, ina mstari unaopanda, kusimama au kushuka. Lakini ni akina baba wangapi wawezao kusema mstari huo ulikuwa wapi mwezi uliopita? Mama hwenda kliniki peke yake, hurudi peke yake, na kadi hurudi mfukoni bila kuulizwa. Mtu anayejua uzito wa kila gunia lake tangu msimu wa mwaka juzi hajui uzito wa mwanawe wa mwaka mmoja.

Mazungumzo haya yanahusu karatasi hiyo ya pili: namna ya kuisoma, mambo ambayo haiwezi kuyaandika, na sehemu ambayo chama cha msingi kinaweza kuichukua bila kujigeuza kuwa zahanati.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Pengine atatokea mwanachama aulize: Afya ya watoto inakihusu nini chama cha mazao? Swali hilo ni halali na linastahili jibu. Mwaka 1995, katika mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliofanyika Manchester, Uingereza, misingi ya ushirika ilipangwa upya ikawa saba. Msingi wa tano ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Wa saba ni kuijali jamii. Kwa hiyo chama kinachowaelimisha wanachama wake juu ya malezi hakitoki nje ya njia yake.

Aidha, nchi hii ina kumbukumbu zake. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakasoma kitabu pamoja na kiongozi wa kikundi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai" kwa njia hiyo hiyo. Siri ya kampeni hizo ilikuwa ndogo: watu hawakuambiwa tu la kufanya, bali walikaa pamoja wakalitazama tatizo lao wenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na mazungumzo haya ni wa Iringa. Kuanzia mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa kijijini penyewe katika siku ya afya ya kijiji. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na wanakijiji wakaulizana: Kwa nini watoto hawa uzito wao umeshuka? Ni nyumba zipi? Tufanye nini kabla ya upimaji ujao? Baada ya miaka michache idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilishuka kutoka takriban 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Dawa mpya haikugunduliwa pale. Kilichofanyika ni kupima, kusoma, kuulizana na kutenda, kisha kupima tena.

Upande wa pili wa habari hiyo nao haufai kufichwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, mkoa unaovuna mahindi mengi, ndio uliokuwa na udumavu mkubwa kuliko mikoa yote, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ghala lililojaa halimkuzi mtoto lenyewe, na kazi iliyofanywa vizuri zamani haiendelei yenyewe. Kila kizazi cha wazazi hakina budi kupima upya.

KADI INASEMA NINI

Taifa limepiga hatua. Katika utafiti wa mwaka 2004/05 watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa na matibabu ya mapema vimefanya kazi kubwa. Lakini utafiti huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 3 katika kila 10 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mtoto aliyedumaa hafupiki mwili tu. Akili yake nayo hukosa vifaa vya kujengea wakati ule ule ubongo unapokua kwa kasi.

Kadi ina mambo makuu mawili ambayo kila mzazi anaweza kuyasoma. La kwanza ni chanjo. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hurudi tena kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Safari hii ya mwisho ndiyo husahauliwa zaidi, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama amekwisha kurudi shambani. Mwezi Juni na mwezi Desemba hutolewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo.

La pili ni uzito. Mtoto mwenye afya, uzito aliozaliwa nao huongezeka mara mbili afikapo miezi mitano au karibu na hapo, na mara tatu atimizapo mwaka. Hata hivyo jambo la kutazama zaidi ni mwelekeo wa mstari, wala si kilo za siku moja. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda taratibu anaendelea vizuri. Mtoto mnene ambaye mstari wake umesimama miezi miwili mfululizo anahitaji kuulizwa habari zake, hata kama mashavu bado yamejaa. Karani wa ghala hangoji gunia litoboke lote ndipo atafute panya.

Wahudumu wa afya wa jamii wanao pia utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Kadhalika mtoto aliyevimba miguu yote miwili, hata kama mkono wake unaonekana mnene.

MWAKA WA KOROSHO NA MWAKA WA MTOTO

Katika nchi ya korosho kalenda ya zao ndiyo kalenda ya nyumba. Katikati ya mwaka ni kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Kuanzia Septemba au Oktoba ni kuokota, kubangua mabibo, kuanika na kupeleka ghalani. Malipo ya mnada huingia, na kwa wiki kadhaa madukani kunakuwa na mwendo. Kisha hufuata mvua, kulima na kupalilia, na miezi ya Januari hadi Machi ambapo chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijakomaa.

Itazamwe nyumba moja kwa mfano tu. Novemba fedha zimeingia. Bati zimenunuliwa, deni limelipwa, sherehe imefanyika. Mtoto wa nyumba hiyo ana miezi 11. Februari ana miezi 14. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mbu wameongezeka, maji ya kisima yamechafuka, na uji ni wa muhogo mtupu kwa sababu fedha ya Novemba haikununua chakula cha Februari. Wazazi hao si wavivu wala si walevi. Walifanya hesabu ya korosho, wakasahau kuifanya hesabu ya mtoto ndani ya hesabu ya korosho.

Kwa hiyo shauri la kwanza kwa kila mwanachama ni hili: siku ya malipo, kabla ya bati, itengwe akiba ya miezi mitatu ya njaa. Nayo si lazima iwe fedha. Yaweza kuwa debe la mahindi, mbaazi na karanga zilizokaushwa vizuri, maana karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na mbaazi za Ruangwa na Nachingwea zisiuzwe zote hadi punje ya mwisho, halafu mtoto wa aliyezilima anyweshwe uji usio na kitu ndani yake.

ZIWA, UJI NA NENO LA AIBU

Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji hata wakati wa jua kali, kwa kuwa maziwa yana maji ya kutosha. Akitimiza miezi sita aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Utiwe karanga au korosho zilizotwangwa laini, mbaazi zilizopondwa, mboga za majani, yai au dagaa waliosagwa, kadiri nyumba inavyoweza. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku; kuanzia miezi 9 apewe mara tatu au nne, na matunda katikati. Punje nzima ya korosho au karanga asipewe mtoto mdogo, kwa kuwa huweza kumkwama kooni.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, wanaobambuka ngozi na kubadilika rangi ya nywele. Kwa Kiswahili ugonjwa huo huitwa unyafuzi. Mwaka 1935 aliuandika kwa jina walilolitumia Waga wenyewe, likiwa na maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake baada ya mdogo wake kuja. Wanawake wa pwani ile walikuwa wameona jambo ambalo vitabu havikuwa nalo: mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ghafla hupoteza chakula chake, na siku hiyo hiyo hupoteza mapaja ya mama yake.

Hapa nchini lipo neno linalofanana na hilo, lakini lenye mwiba. Mtoto akikonda husemwa "amebemendwa", yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kukaa mbalimbali wakati ananyonya. Mwiko huo ulikuwa na shabaha njema. Wazee walitaka mtoto apate muda wake kabla mwingine hajashika mimba, na hawakuwa na njia nyingine. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miaka miwili tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Shabaha hiyo leo hutimizwa kwa uzazi wa mpango, na huduma hiyo hutolewa katika vituo vya afya.

Madhara yapo katika aibu. Mama anayeogopa kuchekwa kwamba amembemenda mwanawe hampeleki kliniki. Humfunika kanga, humpitisha njia za nyuma, humtafutia dawa kwa siri, na mizani humwona mtoto huyo akiwa amechelewa. Ni kana kwamba mkulima mwenye ugonjwa katika mikorosho yake angewaficha majirani na bwana shamba hadi shamba zima likauke. Kukonda kwa mtoto ni dalili ya njaa au ugonjwa, na vyote viwili vina tiba. Mwanachama akisikia neno hilo likitamkwa juu ya mama fulani, afanye mambo mawili: alikatize, na aulize kama mtoto amekwisha pimwa.

MOYO WA MTOTO HAUNA MIZANI

Yapo mambo ambayo kadi haiyaandiki. Mtoto hali uji tu. Hula pia sauti, uso na mikono ya watu wanaomlea. Akiwa na wiki sita hivi huanza kumchekea anayemtazama. Huko kucheka ni neno lake la kwanza, na linahitaji jibu. Mzazi anayemjibu mtoto mchanga, hata kwa maneno ambayo mtoto hayaelewi, anamfundisha kusema mwaka mzima kabla hajasema.

Afikapo miezi minane au tisa mtoto huanza kumlilia mgeni na kumng'ang'ania mama. Watu husema amedekezwa. Kwa kweli akili yake imekua: sasa anatambua nani ni wake na nani si wake, na anajua kwamba mtu anaweza kuondoka. Hajajua bado kwamba mtu huyo atarudi. Mama aendaye shambani asimtoroke mtoto kwa kumvizia asinzie. Amuage, ingawa atalia, na arudi alipoahidi. Mtoto aliyeagwa na kurudiwa mara nyingi hujifunza kuamini. Aliyetorokwa hujifunza kutosinzia.

Katika msimu wa kuokota korosho watoto wengi huachwa na dada wa miaka saba au minane. Dada huyo humpenda mdogo wake, lakini yeye mwenyewe ni mtoto, na shuleni anangojwa. Bibi, shangazi au jirani mmoja mzima, anayefahamika na kuzoeleka, ni bora kuliko walezi watano wanaobadilishana kila siku.

Miaka miwili ni umri wa "sitaki". Mtoto hujigaragaza, hutupa sahani, hukataa kuvaa. Wengi hudhani ni kiburi kinachohitaji fimbo. Mtoto huyo amegundua nafsi yake lakini hana bado maneno ya kuieleza. Fimbo humfanya aogope, haimpi maneno. Afaa kushikwa kwa upole, kuelekezwa kwa sentensi fupi, na kukatazwa jambo lile lile leo na kesho. Na lipo tishio moja ambalo wazazi walitumia sana: "Nyamaza, au nitamwita daktari akuchome sindano." Mtoto aliyelelewa kwa tishio hilo, siku atakapougua kweli, atapelekwa zahanati kama anayepelekwa gerezani.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mtoto mkimya husifiwa. Hulia kidogo, hukaa alipowekwa, haombi kitu, na majirani husema ana adabu. Huenda ndivyo alivyo. Lakini mtoto mwenye njaa ya siku nyingi naye huwa mkimya, kwa kuwa mwili wake unabana matumizi, na mtoto aliyekata tamaa ya kujibiwa huacha kuita. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili asiyecheka, asiyecheza wala kumfuata mtu kwa macho apelekwe kupimwa kabla ya kupewa sifa.

Mchezo haununuliwi dukani. Magunzi ya mahindi, vifuu, makopo yasiyo na ncha kali na mchanga vyatosha. Watoto wanaojipikilisha chini ya mwembe wanajifunza kuhesabu, kugawana na kungoja zamu. Jioni ziko hadithi na vitendawili, ambavyo wazee wa Nkowe hawakufundishwa na mtaalamu yeyote. Na baba ana nafasi yake hapa. Wazee husimama na kijana siku za jando wakimfundisha utu uzima; lakini mafundisho ya kwanza hayangoji jando. Baba ambebe mtoto, amwogeshe, amsimulie kuhusu gunia na mizani. Heshima yake haipungui. Na katika ukoo wa Wamwera, ambamo mjomba ana sauti, mjomba naye aulize kadi.

SUMU NDANI YA NYUMBA

Chama hugawa pembejeo. Kwa hiyo jambo hili ni la chama moja kwa moja. Salfa huwasha macho na kifua, na baadhi ya viuatilifu vya maji huua kwa funda moja. Visiwekwe chumba cha kulala wala chini ya kitanda. Visimiminwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto hasomi kibandiko. Anaijua chupa tu. Makopo matupu yatobolewe na yasichotewe maji. Aliyepulizia dawa aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mtoto asiwepo shambani wakati wa kupulizia.

Kadhalika mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mtoto asipewe kubangua korosho mbichi wala kukaa karibu na moto wa kuchomea korosho. Na uraka wa mabibo na nipa visiachwe ndani ya kikombe anachoweza kukifikia.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Mtoto aliye chini ya miaka mitano apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, akionyesha dalili moja kati ya hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki, anapumua haraka mno au mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, ana choo chenye damu. Homa yoyote ipimwe malaria ndani ya saa 24. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwenye baridi isiyo ya kawaida, asingojwe hata saa moja.

Degedege husemwa na wengi kuwa ni jambo la pepo, na wengine huogopa kwamba sindano itamwua mtoto. Mara nyingi degedege hutokana na homa kali, malaria iliyopanda kichwani au uti wa mgongo. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, asinyweshwe dawa, na safari ianze. Dua na maombi ya nyumbani yaendelee njiani. Yasiwe sababu ya kuchelewa.

Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti kwa kipimo kilichoandikwa, yaani pakiti ya lita moja katika lita moja kamili ya maji salama, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekeza mhudumu. Aendelee kunyonya na kula. Kumnyima maji ili tumbo lifunge ni kumkausha.

CHAMA KIFANYE NINI

Chama cha msingi si hospitali, na katibu si mganga. Fedha za mazao ni za wanachama, na hakuna senti ya kutolewa bila kuwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Hata hivyo yako mambo manne yanayowezekana, na mengi hayahitaji fedha.

Kwanza, katibu amwandikie mganga wa zahanati na kuomba kwamba katika siku moja ya kupokea mazao, au siku ya malipo ambapo akina baba hukusanyika, wahudumu wa afya waje na mizani ya watoto. Mizani mbili zisimame uwanja mmoja.

Pili, katika kila mkutano mkuu zitengwe dakika 15 kwa taarifa ya afya ya watoto: wangapi wamepimwa, wangapi uzito umeshuka, wangapi hawajamaliza chanjo. Zitajwe idadi tu. Jina la mtoto au la mama lisitajwe hadharani, kwa maana aibu ndiyo inayowaficha watoto.

Tatu, ghalani patengwe kivuli, maji ya kunywa na mkeka kwa akina mama wenye watoto wachanga, nao wapimiwe mapema. Mama anayesimama juani saa tano na mtoto mgongoni amelipa ushuru ambao haumo katika stakabadhi.

Nne, siku ya kugawa pembejeo, kabla ya mwanachama kutia sahihi, asomewe maneno matatu juu ya sumu na watoto. Kamati ya chama ipange namna ya kukusanya makopo matupu kwa ushauri wa bwana shamba.

Mambo haya yakipitishwa, yaandikwe katika muhtasari wa mkutano kama maazimio mengine, yenye mtu anayehusika na tarehe. Azimio lisilo na mtu wala tarehe wanachama wanalijua linavyoisha.

Na kwa kila mwanachama limebaki jambo moja dogo, ambalo halingoji mkutano. Leo jioni aifungue mifuko miwili iliyo nyumbani, ule wa stakabadhi na ule wa kadi, aziweke karatasi hizo pamoja mezani au mkekani, na amwombe mama wa mtoto amweleze ile ya pili. Mstari ukiwa unapanda, ampongeze mwenzake, kwa kuwa kazi hiyo ameifanya peke yake. Mstari ukiwa umesimama au unashuka, kesho asubuhi waende kliniki wote wawili.